Kitanda Kilichogoma Mlangoni

Tulikiingiza kwa kichwa, kikagoma. Tukakilaza ubavu, kikagoma. Kijana wa toyo, pikipiki ya kubebea mizigo, aliyetupandishia mzigo kutoka Mlandege mpaka juu kwenye mawe, upande wa Mtwivila, alikuwa ameshaanza kuchungulia saa kwenye simu, maana kwake dakika ya kusimama ni hela inayopotea. Kitanda chenyewe kilikuwa cha futi sita kwa sita, mninga mtupu, ubao wa kichwani umechongwa maua na fundi aliyeijua kazi yake. Kilitoka kwa mtumishi mmoja aliyepata uhamisho wa kwenda Dodoma, miaka ile wizara zilipokuwa zikihamia huko. Kwa kawaida kitanda cha namna hiyo kinafunguka: unalegeza nati nne, mbavu zinatoka, kichwa kinapita mlangoni kama gazeti. Hiki mwenyewe alikuwa amekimwagia gundi kwenye maungio na kukipigilia misumari ya inchi nne kwa sababu, aliniambia bila aibu, kilikuwa kinalia usiku.

Mlango wa bibi tuliyempelekea ulikuwa na upana wa futi mbili na nusu, fremu imepinda.

Mimi ni fundi seremala. Nimeshika randa kwa zaidi ya miaka 25 hapa Iringa mjini. Mtu akiniletea oda ya kabati, kitu cha kwanza nachukua tepu naenda kwake, napima ukuta, napima mlango, naangalia kona za korido. Siku ile tepu ilikuwa kiunoni na sikuichomoa. Sikuwa nimekuja na oda, nilikuwa nimekuja na msaada, na sijui kwa nini kichwani mwangu msaada haukuwa kitu cha kupimwa. Nikachomoa msumeno.

"Unataka kufanya nini, baba?" bibi akauliza. Alikuwa amekaa kwenye kigogo pembeni ya mlango akipukuchua mahindi, hajanyanyuka tangu tulipomwamkia.

"Nakikata katikati, bibi. Kikishaingia ndani nakiunga."

"Mninga huo ukate? Weka msumeno chini." Akamalizia gunzi lililokuwa mkononi. "Na kikiingia, moto nitauweka wapi?"

Sikumwelewa. Ikabidi anyanyuke, aingie, anionyeshe. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Cha kwanza kilikuwa na mafiga, na kuyazunguka mafiga mikeka na mablanketi mawili yaliyochakaa: hapo ndipo alipolala yeye na wajukuu wanne. Ilikuwa mwezi wa sita. Aliyewahi kulala Iringa mwezi wa sita au wa saba haulizi kwa nini watu watano wanalala kuzunguka majivu yenye moto. Chumba cha pili kilikuwa na magunia ya mahindi, chakula cha mwaka mzima, yamepangwa mbali na ukuta ili panya waonekane wakija. Kitanda changu kingemeza chumba cha moto au kingefukuza mahindi. Hakukuwa na njia ya tatu.

"Ni kitanda kizuri," akasema, kama mtu anayemfariji mtoto. "Kauzeni."

Nilishuka mlima na kitanda kile nikiwa na hasira, tena hasira za kijinga. Nilikuwa nimelipa toyo 10,000 kwenda na kurudi kutoka mfukoni mwangu. Moyoni nilikuwa nasema yale tunayoyasema wote: mtu hana kitu, analetewa kitu, anachagua. Kijana wa toyo ndiye aliyenitibua zaidi. Alisema, "Lakini fundi, yule bibi kasema kweli. Kule ndani tungekiweka wapi?" Sikumjibu mpaka Mlandege.

Nirudi nyuma kidogo, nieleze nilivyoingia kwenye mambo haya ya kupokea na kupeleka vyombo vya watu.

Nilipoanza kazi, mwishoni mwa miaka ya tisini, kitu kilichotoka karakana yetu kwa wingi hakikuwa kitanda wala kabati. Yalikuwa majeneza. Mbao za paini kutoka msitu wa Sao Hill, inchi moja kwa kumi, tunapiga randa upande mmoja tu kwa sababu muda haupo. Kulikuwa na wiki tulizotengeneza majeneza kila siku. Ukimwi ulikuwa unapita nyanda hizi kama moto kwenye nyasi kavu, na mpaka leo haujatuachia: utafiti wa kitaifa wa 2016/17 uliiweka Njombe kwenye asilimia 11.4 ya watu wazima, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3, mikoa mitatu iliyoongoza nchi nzima. Dawa za kufubaza makali zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, sisi maseremala tulikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuona tofauti, ingawa haikuwa habari ya kuitangaza. Oda za vitanda zilirudi.

Lakini wale waliokuwa wameshaondoka waliacha watoto, na watoto waliachwa kwa bibi zao. Ndiyo maana ukizunguka Kilolo, Mufindi, Makete, na hata hapa mjini, utakuta kaya ya bibi na wajukuu bila mtu wa umri wa kati. Na kuna jambo jingine ambalo watu hawalisemi sana. Mtu akishafariki, ndugu wa mume wanakuja, na wakiondoka wanaondoka na makochi, na kabati la vyombo, na redio. Nimetengeneza jeneza la mtu Jumanne, Jumapili nikaletewa makochi yake niyabadilishe vitambaa yauzwe. Makochi yale niliyatengeneza mwenyewe miaka mitatu kabla. Niliifanya ile kazi. Nilikuwa na njaa, na hakuna aliyeniuliza maoni yangu.

Basi siku moja akaja mama mmoja wa Kihesa, mjane, ambaye mashemeji hawakufanikiwa kumwondolea kitu kwa sababu alikuwa na kaka zake wenye miili. Akasema, "Fundi, nina kitanda cha tano kwa sita na dresing. Mume wangu amefia pale. Kuuza siwezi, kukilalia siwezi. Kichukue umpe mtu mwenye shida." Nikakichukua. Na mwenye shida nilikuwa naye karakanani: kijana niliyekuwa namfundisha kazi, ametoka kuoa, analala na mkewe kwenye godoro lililotandikwa sakafuni. Nikampa. Sikumwambia kilikotoka. Nikaona nimefanya wema mara mbili, huku nimemtua mjane mzigo, huku nimemnyanyua kijana kutoka sakafuni.

Haikupita wiki mbili. Wanawake wa mtaa walikuwa bombani wakisubiri maji, mmoja akaitambua ile dresing kwa kioo chake kilichokatika kona. Jioni ile yote yakajulikana. Asubuhi nilipofika karakanani, kitanda kilikuwa mlangoni, dresing pembeni yake, na mke wa kijana amekaa juu ya chaga akiningoja.

"Shikamoo, kaka fundi."

"Marahaba."

"Sikukatai kitanda," akasema. "Nakataa kuwa wa mwisho kujua."

Nimesimuliwa mengi na watu wenye shahada kuhusu kusaidia wengine. Hakuna aliyenisomesha kama yule binti wa miaka 20 aliyekaa juu ya chaga. Nilianza kumweleza kwamba ugonjwa ule hauambukizwi na mbao, akanikatisha: anajua, amesoma. Hakuwa anaogopa ugonjwa. Kilichomuuma ni kwamba mtaa mzima ulikuwa unajua anapolala na yeye hajui. Nikamweleza kila kitu, nikamtaja na mwenye kitanda. Akanyamaza. Mchana akaenda mwenyewe Kihesa kumwona yule mama, wakaongea nisiyoyajua, na siku tatu baadaye akakisugua kile kitanda kwa maji ya chumvi, akakirudisha ndani. Yule mama wa Kihesa ndiye aliyekuja kuwa somo wa mtoto wao wa kwanza.

Tangu siku hiyo sipokei kitu bila kuuliza kilipokuwa, na sitoi bila kusema. "Hiki kimetoka kwa mwalimu aliyehama." "Hii meza ni ya marehemu fulani, watoto wake wameitoa kwa hiari." Kuna wanaokataa. Makochi ya marehemu hasa yana shida, sijui kwa nini kuliko meza. Nayarudisha, natafuta mwingine.

Habari zikasambaa kwamba fundi wa Mlandege anapokea vyombo. Hapo ndipo nilipoijua tabia ya sisi tunaotoa.

Nimeletewa viti vya plastiki vyenye miguu mitatu. Nimeletewa jiko la umeme kwa ajili ya mtu asiye na umeme. Sufuria zilizotoboka, zulia lililokojolewa na paka, kabati la mbao zile za unga wa maranda lililokwishafunguliwa mara mbili. Watu hawajui kuhusu makabati hayo: skurubu ikishatoka kwenye tundu lake hairudi kushika kama mwanzo, na likikutana na unyevu wa sakafu ya udongo linavimba kama mkate kwenye chai. Nililitengeneza, nikalipeleka, mvua za mwezi wa tatu zikalimaliza. Mwenye nyumba akaomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeliharibu. Sasa nina swali moja kwa anayeniletea kitu: ungemkalisha mkwe wako hapa? Wengi wanacheka. Wachache wanarudisha kitu kwenye gari.

Halafu kunguni.

Hili nalisimulia kwa shida. Mwaka uliofuata baada ya kile kitanda cha mninga nilipokea godoro la inchi sita, safi kwa macho, na kitanda cha chuma, kutoka nyumba ya kupanga ya vijana. Nilivipeleka kwa mama mmoja mwenye watoto watatu, mtu wa usafi usio wa kawaida. Uwanja wake unafagiwa mara mbili kwa siku. Alipokea kwa magoti. Nikaondoka nimejaa furaha. Baada ya kama mwezi nikakutana na jirani yake sokoni, akaniambia, kwa sauti ya kunong'ona lakini kila mtu akisikia, kwamba nimemletea mwenzao kunguni, na kwamba mtoto wake wa darasa la pili amehamishwa dawati kwa sababu alikuwa anajikuna na wenzake wamemkimbia.

Mama mwenyewe hakuwa amesema neno. Nilipokwenda, alinipa kiti, akanipa chai, akanisifia kitanda. Mimi nikiwa naangalia mikono ya mtoto. Ikabidi niseme mwenyewe: mama, nimekuletea wadudu, nisamehe. Ndipo akalia. Alisema alishindwa kuniambia kwa sababu mtu hawezi kumlalamikia aliyempa.

Lile neno lilinikaa kuliko lile la mke wa kijana wangu. Mteja aliyelipa, droo ikikwama, ananipigia simu saa mbili usiku na kunitukana. Huyu alikuwa na kunguni mwezi mzima na kazi yake ilikuwa kunisifia.

Tulitoa kila kitu nje. Tulichemsha maji kwenye pipa, tukamwagia kila kiungo, kila mshono wa mkeka, kila ufa wa ukuta unaofikika. Maji lazima yawe yanachemka. Ya vuguvugu hayatoshi, mayai yanabaki. Godoro tuliliteketeza. Nikarudi baada ya wiki mbili kurudia, na tena baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai yaliyoponyoka yanaangua. Watu hudhani ukiacha kitanda bila mtu wiki moja kunguni watakufa njaa. Kunguni anakaa miezi bila damu, anakungoja. Sasa karakanani kwangu kitanda kinachoingia kinakaa nje kwanza, kinafunguliwa chote, kinapigwa maji yanayochemka kwenye matundu ya nati na chini ya chaga. Na godoro lililotumika silipokei tena, la mtu yeyote, hata liwe la nani. Nimekosana na watu kwa hilo. Mmoja aliniuliza kama namwona mchafu. Nilimwambia nilishawahi kumwona msafi kuliko yeye akiliwa na kunguni wangu.

Mengine yalikuwa ya kuchekesha, ingawa si usiku ule. Niliambiwa na mzee mmoja kwamba kumpelekea mtu msaada mchana ni kumwaibisha, majirani wanapanga mstari kuangalia. Nikaona ana hoja. Nikapeleka makochi saa tano usiku. Mimi, vijana wawili, toyo haina taa ya nyuma, makochi matatu na stuli. Ulinzi shirikishi walitukamata kabla hatujafika. Jaribu wewe kumweleza mlinzi mwenye rungu, saa tano usiku, kwamba unampelekea mtu makochi bure. "Bure?" wakaulizana. Tulikalishwa chini mpaka mwenyekiti wa mtaa alipoamshwa, akaja na shuka begani, akanitambua. Mama tuliyekuwa tunampelekea alichunguliwa na mtaa mzima wakiwa na tochi. Kwa hiyo aibu aliipata, tena na wezi juu yake. Siku hizi natembea na karatasi yenye muhuri wa mtaa, naenda saa kumi jioni, na nikiulizwa nasema napeleka oda. Hilo si uongo, nitaeleza kwa nini.

Kuhusu nani apewe, nitasema kidogo tu, maana lina maneno mengi. Nilianza kwa kuomba majina kwa kiongozi wa mtaa mmoja, nikapewa orodha ya watu saba. Watatu walikuwa na bati jipya na mmoja alikuwa na king'amuzi. Nikajaribu kuwafuata walio kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wa kaya maskini. Hao angalau wamepitishwa kwenye mkutano wa mtaa. Lakini mtu anaweza kuwa nje ya orodha kwa sababu alihamia juzi, au nyumba imeungua wiki iliyopita. Walimu wa shule za msingi wananisaidia kuliko ofisi yoyote. Mwalimu wa darasa la kwanza anajua mtoto gani anaandika akiwa amelala kifudifudi nyumbani kwa sababu hakuna meza.

Aprili 2024, tope liliposhuka kutoka Mlima Kawetere likafunika nyumba kule Itezi, Mbeya, watu wa hapa kwetu waliguswa. Ndani ya siku mbili karakana yangu ilikuwa na makochi, meza za kahawa, na kitanda cha mtoto chenye wavu. Walitaka vipelekwe. Ni zaidi ya kilomita 300. Nikawauliza: watu ambao nyumba yao iko chini ya tope, kochi wataliweka wapi? Gharama ya lori peke yake ingenunua sufuria, ndoo zenye mifuniko na mablanketi palepale Mbeya, soko la Mwanjelwa. Baadhi walinielewa wakatoa hela. Wengine walichukua makochi yao wakaniona mjuaji. Kuna kochi moja bado ninalo, mwenyewe hapokei simu zangu.

Sasa nirudi kwenye mninga.

Kitanda kilikaa karakanani kama wiki tatu. Kila nikipita nakiona. Siku ya Jumapili nikatoka kanisani, badala ya kwenda nyumbani nikapanda mlima mpaka kwa bibi, bila mzigo, na tepu tu.

"Kamwene," nikamwamkia kwa Kihehe.

"Kamwene. Umekuja na kitanda kingine?"

"Nimekuja kupima."

Akanitazama, akacheka kwa mara ya kwanza. Nikakaa kwenye kigogo. Nikamuuliza kama ninavyomuuliza mteja yeyote: unataka nini, cha kazi gani, kikae wapi. Hakufikiri hata kidogo. Alikuwa nayo kichwani siku nyingi, hakuna aliyemuuliza tu. Alitaka kasha la mahindi ambalo panya hawataingia. Kasha likiwepo, magunia yatatoka sakafuni, chumba cha pili kitapata nafasi. Nafasi ikipatikana, kitanda kimoja cha futi tatu na nusu kwa sita kiingie humo, kwa ajili ya mjukuu wa kike, miaka 13, ambaye hawezi kuendelea kulala mkeka mmoja na wadogo zake wa kiume. Yeye na wavulana watabaki motoni. Na mablanketi, kama yapo. Kwa mpangilio huo, kasha kwanza.

Nilipima kila kitu. Mlango, chumba, mpaka kimo cha bibi, ili asiiname sana akichota.

Kabla ya kuuza mninga wa watu nikaona nimpigie mwenyewe Dodoma. Haikuwa simu nzuri. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Akasema alikitoa ili mtu akilalie, hakukitoa kiuzwe; kama ni kuuza angeuza yeye. Alikuwa na haki. Nikamweleza moto, mahindi, mlango wa futi mbili na nusu, binti wa miaka 13. Mwisho akasema, "Basi fundi, fanya hivyo. Lakini unitumie picha ya huyo bibi akiwa na hivyo vitu." Nikasema nitamuuliza.

Kitanda kilinunuliwa na bwana harusi mmoja wa Gangilonga kwa 250,000, baada ya mimi kuyakata maungio yake na kuyafunga upya kwa nati. Mbao za kasha 60,000. Mbao za kitanda cha binti 70,000. Godoro jipya 60,000. Mablanketi mawili 50,000. Toyo 10,000. Ufundi sikuhesabu, ila gundi nilisikia uchungu wake.

Kasha lile ni kazi ninayojivunia kuliko makabati ya watu wenye pesa. Futi tano kwa mbili, kimo futi mbili, magunia matatu yanaingia. Paini ni mbao laini na mchwa wanaipenda, dawa yetu ya siku zote ni kuipaka oili chafu, lakini huwezi kupaka oili chafu chombo cha chakula. Kwa hiyo nikalinyanyua: vipande vitatu vya mbili kwa nne chini yake, na chini ya hivyo mawe bapa, ambayo kule mlimani hayana bei. Maungio nikayabana mpaka unyasi haupiti. Mfuniko nikautengeneza mzito, wenye mdomo, panya asipate pa kuanzia. Siku ya kulipeleka tulilifungua mlangoni vipande vipande, tukaliunga ndani. Bibi alilizunguka, akaligonga kwa kifundo cha kidole pande zote nne, akaingiza mkono kwenye kona.

"Hapa pana ufa," akasema.

Palikuwa na ufa. Mdogo, wa kupitisha kiberiti labda. Nikauziba palepale nikiwa na furaha ambayo vijana wangu hawakuielewa. Yule mama wa kunguni alinyamaza mwezi mzima. Huyu alinilalamikia kabla sijakunja tepu.

Picha alikataa. "Mimi si kitanda," alisema. Nikapiga picha ya kasha, mfuniko wazi, mahindi yakionekana, nikaituma Dodoma. Hakujibu siku nne. Siku ya tano akauliza ni mbao gani, akasema mama yake kule Tukuyu ana shida ya panya pia, kasha kama hilo litamgharimu kiasi gani.

Ndiyo maana nasema napeleka oda. Siku hizi kila kitu kinachotoka kwangu, cha bure na cha kununua, kiko kwenye daftari moja: jina, vipimo, kilipotoka, kinachotakiwa. Kwenye safu ya bei, kwingine kuna namba, kwingine kuna mstari. Na kila mmoja naenda kwake baada ya wiki mbili kumuuliza ina kasoro gani. Nimejifunza kutouliza "mnaendeleaje na kitanda," kwa sababu hapo jibu ni "tunashukuru." Nauliza, "Kinalia upande gani?"

Bibi bado yupo, amepungua tu. Wavulana wameshakuwa, mmoja anauza ulanzi, pombe ya mianzi, msimu wa mvua na sitaki kujua zaidi. Yule binti ndiye aliyekuja karakanani mwaka jana, mwezi wa saba, amevaa sweta la kijani, amesimama mlangoni mpaka nilipozima mashine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bibi hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja na kazi." Anakaanga chipsi jioni pale Kihesa, anataka meza yake mwenyewe aache kukodi. Nikamtajia 45,000. Akasema 35,000. Nikamwambia mbao zimepanda. Akasema zimepanda kwa wageni, si kwa watu wa kasha. Tukakutana kwenye 40,000, akahesabu 20,000 za kutangulia, noti za elfu moja moja, zinanukia mafuta.

Nikachukua tepu nimuulize lini niende kupima. Akatoa mfukoni kamba ya katani yenye mafundo mawili. "Fundo hili ni upana wa mlango wa stoo ninapoiingiza usiku. Hili ni kimo, kutoka chini mpaka hapa," akagusa kiuno.

Nikaandika kwenye daftari. Nikamwambia aje Alhamisi.

"Alhamisi ya fundi," akauliza, "au Alhamisi ya kalenda?"